Akina Mama Waliokaa Chini

Habari za kifo cha Bwana Mbelwa zilinikuta mezani, na nilimaliza kula. Nayasema haya mapema ili msomaji asinitafutie huzuni ambayo sikuwa nayo. Simu ilikuwa ikitetemeka kando ya sahani. Kundi la WhatsApp la watu tuliowahi kufanya kazi kwenye makumbusho yake lilikuwa limefurika: mlezi wetu, baba yetu, mwalimu wa vizazi. Nilisoma huku natafuna. Kisha kijana mmoja aliyeajiriwa pale miaka mingi baada yangu akaandika kwamba Morogoro imempoteza mtu aliyebuni onyesho la akina mama wanaokaa chini, na watu kibao wakaweka vile vikono vilivyofumbatwa chini ya maneno yake. Nikaigeuza simu kifudifudi. Onyesho hilo nalijua vizuri. Siku akina mama walipokaa chini kwa mara ya kwanza nilikuwa hatua sita kutoka kwao, Bwana Mbelwa akiwa nyuma yangu, na ninachokumbuka kutoka kwake ni pumzi zake shingoni mwangu na matusi aliyokuwa akiyasema kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kuwazungusha wageni. Makumbusho yalikuwa ndani ya nyumba ya zamani ya meneja wa mkonge, upande wa Bigwa, pale mji unapokwisha na mlima unapoanza. Vyumba vilikuwa vinne. Cha kwanza kilikuwa cha vyungu, cha pili cha ngoma na mikeka, cha tatu kilikuwa na kitanda cha meneja na bakuli lake la kunawia, vitu ambavyo wageni walivipiga picha kuliko vyote. Cha nne kiliitwa Chumba cha Ardhi. Ukutani kulikuwa na picha za miteremko ya Uluguru iliyokatwa matuta kama ngazi, na watu wadogo wenye majembe ambao sura zao hazikuonekana. Kila chumba kilikuwa na karatasi yake, iliyoandikwa na Bwana Mbelwa mwenyewe, na sisi tuliisema kwa kichwa bila kuongeza wala kupunguza. Ya chumba cha nne naikumbuka hadi leo, na ningependa sana kuisahau: "Wakazi wa milimani, kwa kutoelewa faida za kilimo cha kisasa, waliyapinga matuta yaliyoletwa na serikali ya kikoloni. Baadaye walielimika." Nilikuwa naisema mara nne au tano kwa siku, kwa sauti nzuri, huku nikinyoosha mkono kuelekea picha. Nilikuwa na sauti nzuri kweli. Ndiyo iliyonipa kazi.

Tulikula saa saba mchana, kwenye ukumbi wa nyuma karibu na jiko, wali na maharage, mara nyingine ndizi za kuchemsha na mchicha uliotoka mlimani asubuhi ileile. Bwana Mbelwa hakula nasi. Aliletewa chakula ofisini, na ofisi yake ilitenganishwa na stoo nilimofanyia kazi kwa mbao nyembamba tu, kwa hiyo nilimjua mtu yule kwa masikio kuliko kwa macho. Nilimsikia akizungumza na wafadhili kwa sauti ya asali, na akikata simu nilimsikia akiwaita wapumbavu. Nilimsikia akimwambia mhasibu kwamba watu wa mlimani ni kama mbuzi, ukitaka wafuate unatangulia na majani. Mkuu wa nyumba ya historia ya watu wa mlimani, na hivyo ndivyo alivyowaona. Nilisikia, nikanyamaza, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa unafika na kwa sababu, niseme ukweli, mtu huyo alinisifu. Aliniita binti yake mbele ya wageni. "Huyu binti yangu ana kipaji," alisema, nami nikavimba kichwa.

Mwaka huo tulianzisha Jumamosi ya Wazee. Wazee walialikwa kuja kunywa chai na maandazi na kusimulia ya zamani, nami nilikaa na kinasa sauti, nikanasa, kisha nikanukuu kanda zote kwenye daftari. Ndipo alipokuja Bibi Koleta. Alishuka kutoka kijiji cha misheni huko juu, amevaa kitenge na sweta, rozari shingoni, mguu wa kushoto akiuburuta kidogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha kabla hajakaa akaniuliza lukolo langu, yaani ukoo wa upande wa mama. Nilipomwambia aliguna kwa furaha. "Basi wewe ni mtu. Nilidhani ni wa kuja." Tangu hapo aliniita mjukuu.

Alizungukia vyumba vyote kabla ya chai. Chumba cha nne kilikuwa na wanafunzi waliokuja kutoka Mzumbe, nami nilikuwa katikati ya karatasi yangu. Nilipofika kwenye "kwa kutoelewa," nikasikia sauti nyuma: "Nani hakuelewa?" Wanafunzi wakageuka. Bibi Koleta alikuwa amesimama mlangoni. Nikatabasamu, nikaendelea. Akauliza tena, bila ukali, kama mtu aliyepotea njia: "Mjukuu, nani hakuelewa?" Bwana Mbelwa akatokea, akanifanyia ishara kwa kidevu. Nikamshika bibi mkono, nikamtoa nje kama mtu anayemsaidia mzee mwenye mguu mbovu. Alinifuata bila ubishi. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi, na mimi nilikuwa naona aibu ya wageni kuliko aibu yake.

Nje kwenye ukumbi nikamwekea chai na kuwasha kinasa sauti, nikidhani namliwaza. Akasimulia kwa saa nzima. Wakati wa matuta alikuwa msichana wa miaka kumi na moja. "Tulichimba siku tatu kila wiki," alisema. "Wewe hujalima, sikiliza. Ukikata mlima kama ngazi, udongo mweusi unafukiwa chini, mwekundu unakuja juu. Mweusi ndio wenye chakula. Mahindi yalitoka ya njano, mafupi hivi, hata nyani hakuyataka. Watu waliona kwa macho, mjukuu. Waliwaambia wale mabwana shamba, wakaambiwa chimbeni. Baba yangu akaweka jembe chini. Akasema, shamba hili si langu, ni la ukoo wa mke wangu, nikiliua nitawajibu nini wajomba? Wakamchukua. Aliporudi mkono wa kulia haukufumba tena. Hatukumuuliza na yeye hakusema. Mama alimlisha kwa kijiko, na baba yangu alikuwa mtu mwenye nguvu, mtu wa kubeba magunia." Akanywa chai yake. "Hiyo ndiyo iliyokuwa kutoelewa kwetu."

Niliinukuu kanda ile neno kwa neno, kurasa kumi na moja. Nikampelekea Bwana Mbelwa nikiwa na furaha, nikiamini nimemletea dhahabu. Alisoma amesimama. Kisha akaniambia kwamba mradi wa kuhifadhi udongo uliokuwa ukitufadhili unataka kurudisha matuta kwenye miteremko, safari hii kwa hiari, kwa elimu, na kwamba makumbusho yamepewa heshima ya kuandaa watu kisaikolojia. Alipenda neno hilo, kisaikolojia. "Sasa wewe unaniletea bibi wa mahindi ya njano. Fupisha. Bakiza kuchimba, ushirikiano, nyimbo walizoimba." Nikasema hakutaja nyimbo. "Hakuna watu waliochimba bila kuimba, binti. Weka nyimbo." Nikarudi stoo. Kurasa kumi na moja nikazifanya moja na nusu, na ndani yake nikaweka nyimbo. Hakunishikia fimbo. Nilikaa kwenye kiti changu, nikanywa maji, nikaandika.

Juni ikafika na pamoja nayo tukio kubwa, Siku ya Historia Hai. Kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba, watu wangeonyesha jinsi matuta yalivyochimbwa zamani, wageni wakitazama kutoka kwenye mahema. Bwana Mbelwa alitaka watu wa mlimani wenyewe, si waigizaji. Nami nikapanda mlimani kuwaomba. Nililala kwa Bibi Koleta, nikala magimbi na maharage yake, na wenzake wakaja kunisikiliza. Nikawaambia makumbusho yanataka kuonyesha walivyoteswa wazazi wao. Sikujua kama nadanganya. Nusu ya moyo wangu iliamini kwamba watu wakiona kwa macho, karatasi haitakuwa na nguvu. Bibi Koleta akasema, "Wewe ndiye utakayesema?" Nikasema ndiyo. "Na nilichokwambia umekiandika?" Nikasema ndiyo. "Basi tutakuja."

Walishuka akina mama kumi na wanne, wamevaa nguo zao za kanisani. Bwana Mbelwa akawatazama kama mtu aliyeletewa bidhaa tofauti na aliyoagiza. Akatoa kaniki nyeusi kwenye mfuko, mpya kabisa lakini zilizochanwachanwa pembeni makusudi. "Vaeni hizi. Na viatu mvue. Zamani watu hawakuwa na viatu."

"Baba yangu alikuwa na viatu," alisema Bibi Koleta. "Alivinunua kwa kahawa."

"Bibi, hili ni onyesho."

"La nini?"

"La ukweli," alisema Bwana Mbelwa, akaniangalia niwashughulikie. Nikapiga magoti, nikamvua Bibi Koleta viatu vyake mwenyewe, maana hakuweza kuinama vizuri. Nikavipanga ukutani. Shabani, mlinzi wetu, mzee mpole aliyestaafu kiwandani, alipewa kaptula ya kaki, kofia na fimbo awe mnyapara. Kabla hawajatoka aliwaendea akina mama mmoja mmoja. "Mama zangu, mnisamehe. Nimeambiwa nipige kelele." Mmoja akamjibu, "Piga tu, baba, wewe unakula hapa, nasi leo tunakula hapahapa," na wakacheka. Walikuwa bado wanacheka walipopanda mteremkoni.

Kulikuwa na jua kali na udongo mkavu. Wageni walijaa mahemani, wafadhili mbele kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Akina mama wakaanza kulima kwa mstari, Shabani akapaza sauti huku akitazama chini, nami, nikiwa hatua sita kutoka kwao, nikashika kipaza sauti na kuanza kusoma. Kurasa zilikuwa mpya, Bwana Mbelwa alinikabidhi asubuhi ile, sikuwa nimezisoma hadi mwisho. Nilisoma habari za mvua na mmomonyoko. Nilisoma kwamba wananchi walishirikiana kwa nyimbo na furaha. Kisha nikasoma kwamba wachache, kwa kutoelewa, walichochewa kukataa, na kwamba simulizi tulizozinasa kutoka kwa wazee wenyewe zinathibitisha hivyo. Hapo macho yangu yaliruka mstari nikaona kilichofuata: "Kama anavyosimulia Bibi Koleta." Niliona jina. Nilipata muda wa kutosha wa kuacha. Nikalisoma.

Bibi Koleta alisimamisha jembe hewani, akalishusha polepole, akalilaza. Akakaa chini. Alikaa kwa shida, kwanza kwa mkono, kisha kwa goti zuri, kisha mguu mbovu akaunyoosha mbele, viganja vikiwa mapajani. Aliyekuwa karibu naye akamtazama, naye akakaa. Mmoja baada ya mwingine, hadi mteremko mzima ukawa umenyamaza. Shabani akainua fimbo kwa mazoea, akaona hakuna wa kumpigia kelele. Akaitupa, akavua kofia, akakaa mwisho wa mstari kama mtoto wao. Tuliobaki tumesimama pale juu ni mimi na Bwana Mbelwa. "Soma," Bwana Mbelwa alinong'ona nyuma yangu, akaongeza neno nisiloweza kuliandika hapa. "Soma, usinyamaze." Nikasoma. Nilisoma hadi nukta ya mwisho, kwamba wananchi walielimika, mbele ya wanawake kumi na wanne waliokaa chini wakinitazama.

Kisha mfadhili mmoja wa mbele akasimama, macho yamelowa, akaanza kupiga makofi. Wote wakasimama. Walidhani ndio mwisho wa onyesho. Bwana Mbelwa alihitaji muda mfupi sana, kama wa kukohoa. Akapita mbele yangu, akachukua kipaza sauti, akainama kwa unyenyekevu na kusema kwamba makumbusho yalitaka kuonyesha heshima ya ukaidi wa Mwafrika. Hivyo hivyo, bila kumeza mate. Jioni ile kupitia mbao za stoo nilimsikia akimweleza mtu kwenye simu jinsi alivyolifikiria wazo lile kwa miezi. Akina mama walikuwa wameshaondoka. Hawakula chakula kilichoandaliwa. Kaniki waliziacha zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

Sikuacha kazi. Ningependa kuandika kwamba niliacha, na kuna watu nimewahi kuwaambia hivyo. Nilipandishwa cheo. Onyesho likaombwa tena Oktoba, na kwa kuwa watu wa mlimani walikataa kushuka, Bwana Mbelwa alichukua wasichana wa kikundi cha sanaa cha mjini, akanikabidhi niwafundishe. Nikawafundisha. Mkono kwanza, kisha goti, kisha mguu wa kushoto mbele. Msichana mmoja mrefu alikuwa anakaa haraka mno, nikamrudisha mara saba. "Polepole," nilimwambia, "una maumivu."

Siku ya onyesho lile la pili nilimwona Bibi Koleta nyuma ya hema la mwisho, peke yake, amevaa kitenge kilekile. Alitazama hadi mwisho. Makofi yalipoisha nikamwendea, maana hapakuwa na pa kujificha. Nikasema shikamoo. Aliitikia, lakini hakuniita mjukuu.

"Umemfundisha wewe, yule mrefu?"

"Ndiyo, bibi."

"Umemfundisha vizuri. Hata mguu wangu umeupatia." Akatazama mteremkoni ambako wasichana walikuwa wakifuta vumbi na kucheka. "Watu wanasema nilikaa kwa ajili ya baba. Nimesikia hata padri anasema."

Nikasema ndivyo wote tulivyoelewa.

"Baba alishakufa, amepumzika. Yule mlinzi na fimbo yake alikuwa ananichekesha. Ningelima hadi jioni, nikavaa viatu vyangu nikaenda zangu." Akanigeukia. "Nilikusikia wewe ukisoma jina langu. Nilikaa kwa sababu yako."

Akafunga sweta lake vifungo vyote, taratibu, kisha akashika njia ya mlimani. Nilibaki pale nikipongezwa na wageni. Nilikaa kwenye makumbusho yale miaka miwili zaidi, na kila nilipokwenda misheni kwa shughuli za kazi nilihakikisha sipiti nyumbani kwake. Alipofariki nilisikia kutoka kwa Shabani, miezi mitano baada ya maziko.

Siku mbili baada ya habari za msiba wa Bwana Mbelwa, kundi likiwa bado linamwagika sifa, niliandika ujumbe. Niliandika kwamba onyesho lile hakulibuni yeye, kwamba lilikuwa mgomo wa kweli wa mwanamke aitwaye Koleta na wenzake, ambaye maneno yake yalikatwa na kugeuzwa, na kwamba marehemu aliwaita watu wa mlimani mbuzi kwa kinywa chake. Nikatuma. Waliniambia marehemu hasemwi vibaya. Waliniambia nina chuki, na kwa hilo walikuwa sahihi. Jioni simu ikaita. Alikuwa mjane wake, Mama Edna, mwanamke ambaye mara nyingi aliniletea embe za kwao ofisini.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Usiniamkie. Mwili bado uko hospitali, Dafrosa. Haujazikwa. Wanangu wamesoma."

"Nilichoandika ni kweli, mama."

"Sijasema ni uongo." Nyuma yake nilisikia watu wakiimba nyimbo za kanisani, na vyombo vikigongana. "Nilikaa naye miaka arobaini, unadhani sikumjua? Nauliza kitu kimoja. Siku ile nilikuwepo, nimekaa hema la pili. Wakati wa kusoma mume wangu hakuwa na kipaza sauti. Kile nilichokisikia kwa masikio yangu, kikisomwa, kilikuwa kwa sauti ya nani?"

Aliningoja. Hakuwa na haraka, pamoja na nyumba yake yote kujaa waombolezaji.

"Yangu, mama."

"Mbona hukuandika?"

Akakata. Nilifungua kundi. Chini ya ujumbe wangu matusi yalikuwa yameongezeka, na juu kidogo mtu alikuwa ameweka picha ya onyesho la mwaka uliopita, wasichana wamekaa kwa mstari, wote wamenyoosha mguu wa kushoto. Nikaandika: "Aliyeyakata maneno ya Bibi Koleta ni mimi. Aliyeyasoma ni mimi. Aliyewafundisha hawa kukaa ni mimi." Nikatuma, nikakaa nikisubiri waanze.